Tusimsingizie Ernst May, wala Tusimsafishe

Kila tuliposhuka Moshi mjini, babu alikuwa na kawaida ya kusimama kidogo mbele ya jengo la KNCU. Hakuwa akiingia ndani. Aliinua fimbo, akaielekeza kwenye madirisha ya juu, akasema, “Ile ni kahawa yetu.” Kisha tukaendelea na safari ya sokoni. Nilidhani anazungumzia magunia yaliyohifadhiwa humo. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba alimaanisha jengo lenyewe: kuta, ngazi, vyumba, vyote vilitokana na fedha za ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ushirika ulioandikishwa mwaka 1933. Lilijengwa kati ya 1949 na 1952 kuwa kituo cha utamaduni na biashara cha Wachagga, lenye maduka, ofisi na vyumba vya wageni. Ramani ilichorwa na Mjerumani mmoja aliyekuwa na ofisi Nairobi.

Mjerumani huyo ni Ernst May. Alizaliwa Frankfurt mwaka 1886, akawa msanifu mkuu wa jiji hilo kuanzia 1925 hadi 1930, akaishi Afrika Mashariki karibu miaka 20, akafia Hamburg mwaka 1970. Habari zake zimepita mikononi mwa wanafunzi wa usanifu, waongoza watalii na waandishi, na kila zilipopita ziliongezwa chumvi. Wapo wanaompaka matope, wapo wanaompaka asali. Hapa nayajibu madai ninayokutana nayo mara nyingi. Mengine yanajibika kwa maneno machache, mengine yanahitaji tukae chini.

“Alikuwa na mtindo mmoja tu: sanduku jeupe lenye paa bapa”

Dai hili limeshika kwa sababu picha za Frankfurt ndizo zinazochapishwa zaidi. Lakini May alifika Frankfurt akiwa na miaka 39, na nyuma yake kulikuwa na kazi nyingi zisizofanana kabisa na sanduku jeupe.

Kati ya 1910 na 1912 alifanya kazi Uingereza chini ya Raymond Unwin, mmoja wa wakuu wa fikra ya mji wa bustani. Ofisi ya Unwin ilikuwa ikishughulikia Hampstead Garden Suburb, mtaa wa London wenye nyumba za matofali, mapaa marefu ya vigae, ua wa miti iliyokatwa vizuri, na barabara zinazofuata mkunjo wa ardhi. Kijana May hakutoka huko na umbo la nyumba. Alitoka na swali: mtaa uwekwe vipi ili kila kaya ipate jua, bustani na njia fupi ya kwenda kazini?

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha alikwenda Silesia, eneo ambalo leo sehemu yake kubwa iko Poland, akaongoza shirika la kujenga nyumba za vijijini, makao yake Breslau. Saruji, makaa ya mawe na matofali vilikuwa adimu. Walowezi walikuwa wakulima wadogo waliohitaji zizi, ghala na kishamba. May akawachorea vibanda imara vyenye mapaa ya mteremko mkali, mengine yakishuka chini sana kama kofia iliyovutwa usoni. Anayemjua kwa picha za Frankfurt peke yake akioneshwa nyumba hizo atakana kuwa ni za mtu yuleyule. Ni zake.

Halafu ndipo Frankfurt. Meya Ludwig Landmann alimwita mwaka 1925 na kumpa mamlaka ambayo wasanifu wachache wamewahi kuyapata: mipango miji, ujenzi, viwanja, vyote chini ya meza moja. Ndani ya miaka mitano nyumba zipatazo 12,000 zilijengwa. Na hata humo ndani mtindo haukutulia. Mtaa wa Bruchfeldstrasse, ulioanza 1926, una nyumba zilizopangwa meno kama ya msumeno, hata wenyeji wakaubatiza jina la mji wa zigizaga. Römerstadt, wa 1927 na 1928, wenye nyumba karibu 1,200, unapinda na bonde la mto Nidda. Mwisho wa vichochoro vyake kuna kuta zilizotokeza mbele kama baraza za ngome, mahali ambapo mtu husimama akatazama mto na mashamba. Hapo somo la Unwin linaonekana waziwazi, ingawa mapaa ni bapa. Ukienda Westhausen, ulioanza 1929, mikunjo yote imekwisha. Safu za nyumba zimenyooka, zinafanana, zote zimeelekezwa upande mmoja kwa ajili ya jua. Fedha zilikuwa zimepungua, na mchoro ukapungua nazo.

Neno “jeupe” nalo lina walakini. Picha za wakati ule zilikuwa nyeusi na nyeupe, basi tukaamini nyumba nazo zilikuwa hivyo. Kuta nyingi zilipakwa rangi, nyekundu na bluu zikiwemo, na msanii Hans Leistikow alishiriki kuzichagua.

Nisimame kidogo kwenye paa, maana hili linatuhusu. Siku hizi mtu akitaka nyumba ya “kontemporari” Dar es Salaam au Arusha, fundi humjengea paa la kuficha. Ukuta unapandishwa juu pande zote, na nyuma yake yanalala mabati yenye mteremko mdogo na gata katikati. Kutoka barabarani unaona sanduku. Masika ikianza, gata likaziba kwa majani, maji yanaingia darini. Paa bapa la Frankfurt lilikuwa na hesabu nyuma yake: mbao za kenchi zilikuwa ghali, dari lisilokaliwa lilikuwa nafasi iliyopotea, na juu ya nyumba mtu aliweza kuanika nguo na kukaa jioni. Ukichukua sura ukaiacha hesabu, unabaki na ndoo sebuleni.

“Jiko maarufu la Frankfurt ni kazi yake”

Hapana. Jiko lile lilibuniwa mwaka 1926 na Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu mwanamke aliyezaliwa Vienna mwaka 1897. May alikuwa mkuu wake wa kazi, ndiye aliyemwita Frankfurt baada ya kufahamiana naye tangu miaka ya Breslau, na ndiye aliyehakikisha jiko linawekwa katika maelfu ya nyumba. Kumpa yeye ubunifu ni kumnyang’anya mwenyewe.

Na ni kumnyang’anya kitu kikubwa. Chumba chenyewe kina upana wa mita 1.9 hivi na urefu wa mita 3.4. Mama huyu (wakati ule alikuwa binti asiyetimiza miaka 30) alihesabu hatua za mpishi kutoka jiko hadi sinki, kutoka sinki hadi meza, akizipunguza moja moja. Aliangalia pia majiko ya mabehewa ya treni, ambako chakula cha watu wengi kinapikwa mahali pa kugeukia tu. Meza ya kukatia mboga aliiweka chini ya dirisha, na kwenye ubao wake akatoboa nafasi ya kusukumia maganda yaangukie kwenye droo. Ubao wa kupigia pasi uliinuliwa ukutani na kushushwa wakati wa kazi. Kwenye kabati kulikuwa na safu za droo ndogo za alumini, kila moja na jina lake: mchele, sukari, tambi. Unga peke yake uliwekwa kwenye droo ya mbao ya mwaloni, kwa kuwa mwaloni una ukakasi unaowafukuza wadudu. Kabati zikapakwa bluu, kwa sababu iliaminika nzi hawapendi kutua kwenye rangi hiyo.

Mlango wa kusukuma kando ulilitenganisha jiko na sebule, ili mama awaone watoto wakicheza. Kwa desturi zetu lina kasoro moja kubwa: ni jiko la mtu mmoja. Dada, wifi na mkwe hawaenei humo, na mapishi ya shughuli hayawezekani. Lakini wazo la kujenga chumba kwa kufuata kipimo maalumu si geni pwani yetu. Nyumba ya mawe ya Lamu ina vyumba virefu vyembamba, kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, chini kidogo ya mita tatu. Kule kipimo kilikuwa mti, Frankfurt kikawa hatua za mpishi.

Dai hili ni tawi la kosa kubwa zaidi, la kudhani msanifu wa jiji anachora kila kitu mwenyewe. Ofisi ya May ilikuwa jeshi. Carl-Hermann Rudloff alichora naye Bruchfeldstrasse na Römerstadt. Herbert Boehm alikuwa mkono wake katika mipango. Martin Elsaesser alijenga soko kuu la jumla, lililokamilika mwaka 1928. Leberecht Migge alipanga bustani, hata ile ya mboga nyuma ya kila nyumba. Ferdinand Kramer alibuni samani. May alikuwa kama nahodha wa jahazi: asipokuwepo chombo hakitoki bandarini, lakini wanaopandisha tanga ni wengine.

“Aliwajengea maskini wa kabisa”

Alitaka. Hakuweza, na hili lisifichwe. Mitaa ile iligharimiwa kwa sehemu kubwa na kodi iliyotozwa kwenye nyumba za zamani za Ujerumani kuanzia 1924, na hata kwa msaada huo pango la nyumba mpya lilizidi mfuko wa mfanyakazi wa kawaida. Römerstadt ilijaa makarani, walimu na mafundi wenye mshahara mzuri. Kibarua alibaki kwenye vyumba vya giza vya mji wa zamani.

May aliona tatizo mapema. Mwaka 1929 wasanifu wa kisasa wa nchi mbalimbali walifanya mkutano wao wa pili Frankfurt, na mada ilikuwa nyumba ya kima cha chini cha maisha: mtu anahitaji nafasi kiasi gani, mwanga kiasi gani, hewa kiasi gani, asipungukiwe utu wake? Westhausen, pamoja na vijumba vyake vidogo, ni jibu la swali hilo. Viwanda vilikuwa vikimimina vipande vya ukuta vya zege jepesi lenye mawe ya volkano, winchi ikivisimamisha mahali pake, ili gharama ishuke. Ilishuka kidogo. Kisha mdororo wa uchumi wa mwaka huohuo wa 1929 ukazifunga fedha za umma, na mlango ukafungika.

“Alikuwa mkomunisti, akamkimbia Hitler kwenda Urusi”

Hapa tarehe zinatosha. May aliondoka kwenda Umoja wa Kisovyeti mwezi Oktoba 1930. Hitler alishika ukansela Januari 1933. Huwezi kumkimbia mtu ambaye bado hajaingia ikulu, ijapokuwa maneno ya chuki dhidi ya paa bapa na “Ubolsheviki wa utamaduni” yalikuwa yameshaanza kurushwa.

Alifuata kazi. Frankfurt hapakuwa na fedha tena, na Wasovyeti walikuwa wanajenga miji mipya ya viwanda kwa haraka isiyo na mfano. Aliongozana na wenzake karibu 20, wakiwemo Mart Stam, Hans Schmidt, Walter Schwagenscheidt na Schütte-Lihotzky. Kati yao walikuwamo watu wa mrengo wa kushoto kwa imani. May mwenyewe alikwenda kama mtaalamu mwenye mkataba. Walipanga Magnitogorsk, mji wa chuma kwenye milima ya Ural, na miji mingine kadhaa. Magnitogorsk walikuta ujenzi umeshaanza kabla ya mchoro wao kukubaliwa, na mpango ukakatwakatwa. Kufikia 1932 viongozi wa Moscow walikuwa wamegeukia nguzo na mapambo ya kale. Mtu wa safu zilizonyooka hakuwa na nafasi tena.

Mkataba ulipoisha mwaka 1933, Ujerumani ya Wanazi haikuwa mahali pa kurudi. Kwao alikuwa adui kwa fikra zake, na nasaba yake ilikuwa na Wayahudi. Kwa hiyo ukitaka kusema Wanazi walimfanya mkimbizi, ni kweli. Ila walimfungia mlango wa kurudi, hawakumtoa. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini aliangukia Tanganyika.

“Afrika alilala miaka ishirini”

Waandishi wengi wa Ulaya huimaliza miaka yake ya huku kwa aya moja: alilima, akafungwa, akarudi. Aya hiyo inanikera kuliko madai mengine yote, kwa sababu inayafuta majengo tunayopita mbele yake kila siku.

Kweli alilima. Mwaka 1934 alinunua shamba karibu na Arusha, akalishughulikia kwa miaka mitatu. Mwaka 1937 akaliuza, akafungua ofisi ya usanifu Nairobi. Mwaka huohuo ikaja Kenwood House, jengo la biashara katikati ya jiji, ambalo leo liko Mtaa wa Kimathi. Kweli pia alifungwa: vita vilipoanza, serikali ya kikoloni ya Waingereza ilimhesabu Mjerumani kuwa raia wa adui, naye akazuiliwa Afrika Kusini hadi 1942.

Lakini baada ya kuachiwa, hesabu inarefuka. Mpango wa kupanua Kampala. Delamere Flats za Nairobi. Shule ya wasichana ya Aga Khan Kisumu. Kituo cha Moshi. Nyumba za wafanyakazi Port Tudor, Mombasa. Hoteli ya Oceanic, Mombasa. Jumba la Makumbusho la Uganda, lililofunguliwa mwaka 1954 baada ya yeye mwenyewe kuondoka.

Na hapa mtindo wake ukabadilika tena, mara hii kwa kufundishwa na jua. Frankfurt jua ni mgeni wa heshima. Unamfungulia madirisha yote. Kisumu jua ni la kuzuiliwa mlangoni. May akapanga majengo membamba, upana wa chumba kimoja, ili hewa iingie upande huu na kutokea upande ule. Akayalaza mashariki kwenda magharibi ili kuta ndefu zisipigwe na jua la asubuhi wala la alasiri. Akaweka mapezi ya zege na vivuli mbele ya madirisha. Hoteli ya Oceanic ilikuwa jengo refu jembamba lililopinda kuielekea bahari, upepo uingie vyumbani. Mvuvi yeyote wa Mombasa angeweza kumweleza habari za kusi na kaskazi bila kupiga hesabu. May alizipiga, akafika palepale.

Aliyekaa ndani ya majengo ya namna hii saa nane mchana bila feni anajua kwamba yule mchoraji hakuwa amelala.

Wala Afrika haikumaliza nguvu zake. Aliporudi Ujerumani, akiwa anakaribia miaka 70, aliongoza mipango ya shirika kubwa la nyumba la Neue Heimat, Hamburg, na alikuwa mmoja wa waliopanga Neue Vahr ya Bremen, mtaa wa nyumba karibu 10,000.

“Alikuwa rafiki wa Mwafrika, alituletea usawa”

Watu wanaoyapenda majengo yake hupenda pia kumfanya mtakatifu. Mimi nayapenda, na ndiyo sababu sitaki yasimame juu ya uongo.

Mwaka 1945 serikali ya Uganda ilimpa kazi ya kupanga upanuzi wa Kampala kwenye vilima vya Kololo na Naguru. Mwanzoni mwa mwaka huo mji ulikuwa umetikiswa na mgomo na ghasia za Januari. Ripoti yake ilitoka mwaka 1947. Ukiisoma kama fundi, utaona ustadi: barabara zinafuata mteremko wa kilima, mabonde yanaachwa kijani, kila mtaa una shule, soko na kituo cha jamii katika umbali wa kutembea. Viungo vyote vya Frankfurt vimo.

Kisha tazama nani anakaa wapi. Makazi yamegawanywa kwa rangi. Waafrika wamewekwa Naguru, Kololo ni ya Wazungu na Wahindi, na kila kundi lina mtaa wake huku kijani kikitumika kuwatenganisha. Mwafrika anazungumziwa kama mtu wa kuongozwa hatua kwa hatua kuingia katika maisha ya mjini. Na wakati maneno hayo yanapigwa chapa, upande wa pili wa mji huohuo kulikuwa na Mengo, makao ya Kabaka, mfalme wa Buganda, mji ambao Waganda walikuwa wakiuendesha wenyewe kabla ya bendera ya Mwingereza kupandishwa. Aliyetafuta ushahidi kwamba Mwafrika anajua kukaa mjini hakuhitaji kusafiri. Alihitaji kuvuka bonde.

Wapo watakaosema aliamriwa, kwamba mkoloni ndiye aliyegawa rangi na May alichora tu. Utetezi huu siupokei. Kololo na Naguru alikabidhiwa, ndiyo, lakini hoja zilizomo ripotini ni zake na zimeandikwa kwa kujiamini. Mtu huyu alikuwa amefungiwa nchi yake na watawala waliowapanga wanadamu kwa damu. Akaja kwetu akakubali kuwapanga wanadamu kwa ngozi. Hayo mawili yamo katika maisha ya mtu mmoja, na lazima yasemwe pamoja.

Nyumba yake ya vipande vya zege inaonesha jambo hilohilo kwa karibu zaidi. Katika miaka ya 1940 May alibuni njia ya kujenga kwa kuning’iniza vibao vya zege kwenye mbavu za zege, kimoja baada ya kingine, ukuta ukipinda na kuwa paa, hata nyumba ikatokea kama jahazi lililopinduliwa. Ilikusudiwa kuwa nyumba ya bei nafuu kwa Waafrika, na umbo lake la mviringo lilidhaniwa litawafanya wajihisi wako nyumbani. Mchagga anaijua nyumba isiyo na mpaka kati ya ukuta na paa: ni msonge, uliovikwa majani hadi chini. Lakini msonge uliezekwa na mwenyewe na jirani zake kwa majani ya kihambani, yaani shamba la nyumbani, na ulipovuja ulizibwa jioni hiyohiyo. Kibao cha zege kikipasuka, mwenye nyumba atakipata wapi kingine? May aliliona umbo vizuri kabisa. Mikono iliyolijenga hakuiona.

Nadhani hapo ndipo penye uzi unaopita katika kazi zake zote, kutoka Silesia hadi Mombasa. Mapaa yalibadilika, rangi zikabadilika, mwajiri akabadilika mara nne au tano. Kitu ambacho hakikubadilika ni imani kwamba mtaalamu akishapima vizuri, mkaaji hana la kuongeza. Frankfurt imani hiyo ilimpa mama wa nyumba jiko lenye akili ambalo hakuruhusiwa kulisogeza hata droo. Kampala, penye utawala wa rangi, imani ileile ilizaa jambo baya zaidi.

“Hayo ni majengo ya wakoloni, yabomolewe”

Mwaka 2011 Uganda ilikuwa na mjadala mkali juu ya mpango wa kulibomoa Jumba la Makumbusho la Uganda, Kampala, ili pajengwe mnara wa ghorofa 60. Watu wa urithi wa utamaduni walikwenda mahakamani, na jumba limesimama hadi leo kwenye barabara ya Kira. Makumbusho yenyewe yalianzishwa mwaka 1908, yakahamahama, na jengo la May ndilo la kwanza kuchorwa makusudi kwa ajili yake. Ndani, mwanga unashuka kutoka juu ya kuta na hewa inapita bila mashine. Ngoma, marimba na zeze vilivyomo ni vya watu wa Uganda, si vya gavana.

Wanaodai kubomoa hunitajia ripoti ya Kampala, kana kwamba kosa la mpango ni kosa la kila tofali. Siwazuii kuikumbuka. Mimi mwenyewe nimeieleza hapa bila kuipunguza. Lakini jengo lina wazazi zaidi ya mmoja. Kuna aliyelichora, kuna aliyelilipia, kuna waliochanganya zege na kukunja nondo, na kuna waliolitumia kwa miaka 70. Kololo nayo ilichorwa kuwatenga Waganda. Pale penye uwanja wa Kololo ndipo bendera ya Uganda huru ilipopandishwa tarehe 9 Oktoba 1962, na hakuna anayependekeza kilima kisawazishwe.

Nirudi Moshi. Kwenye vitabu vya usanifu jengo la KNCU huitwa jengo la Ernst May. Wakulima hawatajwi, au hutajwa kama “mteja”. Mteja huyo alikuwa watu wa vihamba waliochuma kahawa nyekundu kwa vidole, wakaimenya, wakaiosha, wakaianika kwenye vichanja na kuibeba kichwani hadi chama cha msingi. Katika kila malipo ushirika ulibakiza sehemu yake, na sehemu hiyo, msimu baada ya msimu, ikawa ghorofa. Katika Tanganyika ya mwaka 1952, Waafrika kumwajiri mtu aliyewahi kuwa msanifu mkuu wa jiji la Ulaya na kumlipa kwa fedha zao halikuwa jambo la kila siku.

Babu hakulijua jina la May. Alijua bei ya kahawa ya miaka ile, alijua madebe aliyopeleka, na kila aliponyoosha fimbo kulielekea jengo alikuwa akionesha mali yake.